Nani Amefua Vitambaa Vyangu?

Kambini,
Jumapili, 2 Februari 2025

Baba Griffins,

Salamu kwanza, malalamiko baadaye. Mimi ni mzima isipokuwa miguu, ambayo sasa ni mali ya Sajini Muindi. Anatukimbiza milimani kabla ya jua kutoka, na ukiniona leo utauliza huyu kijana aliyenyolewa kichwa ni nani na mke wako yuko wapi.

Simu zetu zimefungiwa kabatini mpaka Mei tutakapomaliza. Tunaruhusiwa barua tu. Lori la kambi huja Industrial Area kila Jumatatu kuchukua unga na maharagwe, na dereva ameahidi kuacha barua zangu kwa mlinzi wa geti la kiwanda chenu. Wewe nawe mwachie majibu huyo mlinzi. Ruhusa ya kutoka hapa ni ya kuzika tu. Atakayeondoka kwa sababu nyingine yoyote anajaza fomu ya kujiondoa, na nafasi yake ya ulinzi wa misitu imekwisha. Unajua nimeitafuta kazi hii miaka mingapi.

Lakini moyo uko Mbotela. Usiku huku ni kimya mno, nikikosa usingizi naipitia nyumba kitu kimoja kimoja. Mlango unagonga debe la makaa. Juu ya kabati kuna masanduku mawili na ile feni iliyokufa. Soksi zako zinakauka juu ya televisheni. Kiti cha tatu hakikaliwi, kina nguo za kupiga pasi tangu Krismasi. Mwezi mzima kabla nije nilikuwa nakupigia kelele juu ya hivyo vitu, na sasa ndivyo vinavyonilaza.

Usijaribu kupanga. Ukipanga hatutapata kitu tena. Wape watoto chakula, waogeshe, mengine yaache yalivyo.

Griffins ameshazoea darasa jipya? Marion bado ananiita usiku? Niambie ukweli.

Mkeo,
Asenath


Mbotela,
Jumamosi, 8 Februari 2025

Mama Griffins,

Nimepokea barua yako nikafurahi. Huku kwetu hakuna neno. Watoto ni wazima, wanakula, wanalala. Griffins amepata ishirini na saba kwa thelathini katika hesabu. Marion amesukwa vizuri, mistari midogo midogo, na hakulia.

Nyumba ni safi. Nguo za kile kiti zimepigwa pasi. Vitambaa vya viti vimefuliwa vikatiwa stachi na vimesimama vyenyewe. Jana tulikula mrenda na ugali wa wimbi. Upande wa kitanda, nyuma ya pazia, sijagusa kitu, uko ulivyouacha.

Kazini narudi nikiwa nimechelewa kidogo siku hizi, lakini usijali. Wewe soma, kimbia, maliza. Mungu yupo.

Mumeo,
Kweyu


Kambini,
Jumapili, 16 Februari 2025

Baba Griffins,

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara inanuka sabuni.

Unasema vitambaa vimetiwa stachi. Vimetiwa na nani? Nimeolewa nawe miaka minane. Wewe ndiye uliyekuta stachi yangu kwenye kikombe ukaikoroga na sukari ukanywa, ukaniambia uji wa leo ni mwepesi. Leo unajua kuipima?

Marion amesukwa mistari midogo midogo bila kulia. Mtoto ambaye mimi mama yake humkimbiza mpaka kwa choo cha jirani nikiwa na kitana mkononi! Na mrenda, Kweyu. Mrenda unataka mtu wa kuuchambua jani kwa jani. Wewe unatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na unarudi jioni, tena umechelewa.

Halafu unaniambia upande wa kitanda hujagusa. Nilikuuliza habari za kitanda? Mtu akijitetea kabla ya kushtakiwa, nashindwa kulala.

Niambie tu ni nani anayekusaidia. Kama ni mtu wa kulipwa, sawa. Andika jina lake.

Asenath


Kambini,
siku hiyo hiyo

Mourine jirani yangu,

Barua hii nimempa dereva aiweke mkononi mwako huko Gikomba, si kwa mtu mwingine. Usimwonyeshe Baba Griffins.

Naomba uwe macho yangu. Kuna mwanamke anaingia nyumbani kwangu. Sijaambiwa, lakini nyumba yenyewe imeniambia. Mwangalie ni nani, ni wa rika gani, na anatoka saa ngapi. Usinifiche kwa kunionea huruma. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi niko milima mitano mbali na nguo zangu.

Dada yako,
Asenath


Mbotela,
Jumamosi, 22 Februari 2025

Mama Griffins, sasa?

Mimi niko poa, biashara ndiyo inasumbua. Barua yako nilisomea juu ya belo la mitumba, wateja wakaona nimenyamaza wakadhani nimefiwa tena. Unakumbuka nilienda kwetu Ugenya kumzika mjomba mwezi wa kwanza, nikakaa wiki tatu. Kwa hivyo mambo ya hapo kati sikuyaona. Na unajua natoka saa kumi na moja alfajiri narudi saa moja usiku, plot yetu ya wapangaji mchana siijui.

Lakini juzi niliambia binti yangu akae na nguo, nikarudi mapema makusudi. Nitakuambia nilichoona na sitaongeza chumvi.

Nguo za watoto zilikuwa kwa kamba, zimepangwa kwa ukubwa. Mlangoni kulikuwa na viatu vya mwanamke, raba mpya za buluu. Mlango ulikuwa umerudishwa. Na nje kulikuwa na lile beseni lako jekundu, limeegeshwa ukutani.

Saa kumi na mbili na nusu akatoka mtu. Nilimwona mgongo tu. Amejifunga leso mpaka kichwani na sweta ndefu juu, anatembea haraka akiangalia chini kama mtu asiyetaka salamu. Kabla ya kuondoka alichukua beseni akalifunika chini juu kwa mlango. Halafu akapita njia ya nyuma.

Sasa ngoja. Nilipotoka kwenda dukani nikampata Baba Griffins amesimama pale kona kwa muuza makaa. Hanunui makaa. Amesimama tu na mfuko wa mkate, anachungulia plot. Alipoona beseni limefunikwa ndipo akaja nyumbani. Nimewatega siku tatu sasa na ni hivyo hivyo kila siku.

Griffins nilimuuliza nani hupika kwenu. Akaniambia ameambiwa asiseme.

Mimi nimenyamaza kama ulivyosema. Lakini dada, ukitaka nimkamate mtu mlangoni, niambie. Mikono ninayo.

Mourine Aluoch


Kambini,
Jumapili, 2 Machi 2025

Kweyu,

Sikuiti Baba Griffins leo.

Barua mbili umeniletea tangu nikuulize jina la huyo mtu, na zote mbili zimejaa habari za mvua na masomo. Basi sikiliza ninachokijua. Najua raba za buluu, na ile leso, na njia ya nyuma. Najua beseni langu jekundu, nililolinunua mimi mwenyewe nikiwa na mimba ya Marion, limefanywa alama. Likifunikwa, bwana anaingia. Na mwanangu wa miaka saba mmemfundisha kuficha.

Sijui kilichoniuma zaidi. Nilikaa huku nikijua nyumba yangu iko shaghalabaghala na nikafurahi, kwa sababu fujo ile ni mimi. Kila kitu pale ndani nimekiweka mimi, hata kama nimekiweka vibaya. Sasa amekuja mtu ameipanga, na watoto wanakula, na hakuna anayelia. Kwa hivyo sikuwa na kazi pale?

Nimemwomba Sajini Muindi fomu ya kujiondoa. Iko hapa chini ya mto. Aliniuliza kwa nini, na mimi ndiye wa pili kwa shabaha katika kikosi kizima, nikamwambia mambo ya nyumbani. Amenipa mpaka Ijumaa ya tarehe ishirini na moja. Nisipopata ukweli kabla ya siku hiyo, najaza fomu nakuja, na nitaingia bila kuangalia beseni.

Asenath


Getini kiwandani,
Jumatatu, 3 Machi

Mama Griffins,

Dereva ananisubiri, naandika kwa goti. Hakuna mwanamke. Yaani yupo lakini si hivyo unavyofikiri. Siwezi kusema, si kwangu kusema. Nakusihi usijaze hiyo fomu. Naapa kwa watoto.

Kweyu


Mbotela,
Jumapili, 9 Machi 2025

Mwanangu Asenath,

Hizo raba za buluu ni zangu.

Mkwe wangu hawezi kuniambia neno, lakini anaweza kusahau barua mezani. Jumanne ameondoka kwenda kazini akaiacha yako wazi karibu na chumvi, mahali ambapo lazima nipaguse. Nimeisoma nikakaa chini. Siku nne nimekuwa nikijiuliza nikuandikie au ninyamaze. Naona nikinyamaza utapoteza kazi na mume kwa siku moja.

Marion aliugua. Ilikuwa wiki ya pili baada ya wewe kuondoka, nimonia ya mapafu yote mawili, akalazwa siku sita. Jirani yako alikuwa kwao mazishini. Mume wako alikuwa na mtoto mmoja hospitali na mwingine nyumbani, na kiwanda kinataka mtu kazini. Alinipigia simu. Aliniambia, "Mama, nimeshindwa," akakata. Miaka minane hajawahi kunipigia yeye mwenyewe. Nikapanda basi usiku huo huo.

Tulikubaliana usijue. Si kwamba tulikaa tukakubaliana, hapana. Alimwambia daktari mbele yangu kwamba mama wa mtoto yuko mafunzoni na hapaswi kuambiwa, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Nakujua. Ungeruka ua la kambi usiku huo huo. Sasa mtoto amepona kabisa, anakula kuliko kaka yake.

Wewe ni wa kwetu, unajua tunavyoishi. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe, hali mezani pake, hampi mkono, wala hapiti palipo na kitanda cha binti yake. Ndiyo maana tangu uolewe sijawahi kuiona nyumba yako. Na nyumba yenyewe ni chumba kimoja na pazia! Nifanye nini, na mtoto anahitaji uji? Basi nimekuwa nikilala kwa binamu yangu Sally kule Mukuru kwa Njenga. Asubuhi natembea nafika mume wako akiwa ameshatoka. Jioni napika, nafunika beseni ajue nimeondoka, napita nyuma tusikutane. Yeye husimama nje na njaa yake mpaka aone beseni. Nyuma ya pazia sijaweka mguu hata mara moja. Huko ni kwenu.

Hatujaongea. Mimi humwachia chakula chini ya sahani. Yeye huniachia sukari na kiberiti. Siku moja nilikuta raba hizo mlangoni, mpya, kipimo changu. Kisigino changu kilikuwa kimechubuka kwa kutembea. Sijui alikionaje, maana hanitazami. Mwanangu, kama ulikuwa na shaka na moyo wa huyo mtu, mimi mkwewe nakuambia uiondoe.

Na nyumba yako nimeiona. Nilidhani nimezaa mtu msafi. Nilianza kupanga siku ya kwanza, nikataka kutupa zile kalenda kuukuu ukutani, tatu zote za miaka iliyopita. Nikaona umeandika kwa kalamu siku Griffins alipotoa jino, na siku Marion aliposema maji, na siku mume wako alipoungua mkono kazini, na siku nyingine umeandika tu "tumecheka". Nikazirudisha. Nilifua vitambaa kwa sababu mikono yangu haijui kukaa bure, si kwa sababu ulikosa kazi pale. Usiniulize tena swali kama hilo.

Sikukasirikii kwa kushuku. Ningekuwa wewe ningeshuku. Baba yako alinifunza kushuku mapema.

Lakini sasa lazima niende. Jambo lisilotajwa watu wanaweza kuishi nalo, wakapishana nalo kila siku na heshima ikabaki. Likishaandikwa limekuwa jambo. Mkwe wangu anajua kwamba najua kwamba umejua. Jirani yako ananitegea, Sally ameshaniuliza, na wiki ijayo watakuwa wanaulizana nyumbani kama mimi Mama Andati nimepoteza haya. Jumanne napanda basi.

Usimlaumu. Na usijilaumu sana. Miezi miwili iliyobaki ni yenu wawili.

Mama yako mzazi


Mbotela,
Jumamosi, 15 Machi 2025

Mama Griffins,

Mama ameondoka. Nilipofika nyumbani Jumanne nilikuta beseni limefunikwa na chini yake ameacha sabuni na kitunguu. Nilisimama pale mlangoni muda mrefu. Miaka minane sijawahi kumwambia asante, na sasa nimepata sababu nikakosa njia.

Nisamehe kwa kukuficha. Usiku wa tatu hospitalini Marion aliacha kulia, na hapo ndipo niliogopa, kwa sababu alikuwa hana nguvu ya kulia. Nilikuwa na karatasi na kalamu na nikaanza, "Mama Griffins, njoo." Nikaichana. Kama angefariki, sijui ningekutazama vipi maisha yangu yote. Hilo nilitaka ulijue kutoka kwangu.

Sasa nitakuambia kila kitu kama kilivyo, uamue mwenyewe.

Jumatano niliunguza ugali mpaka sufuria ikatoboka. Si ile kubwa, ni ile isiyo na mshikio. Marion anashinda katika shule ya watoto ya kanisa mpaka saa kumi na moja, na siku mbili za kwanza alilia mpaka mwalimu akanipigia simu. Ya tatu amelia kidogo. Mistari imefumuka, nimejaribu kumsuka nikamwachia vifundo viwili, Mourine amecheka mpaka akakaa chini. Mourine huyo amekuja kuniomba msamaha, kisha akanigombeza kwa kutomwambia, sijui lipi lilikuwa lipi. Jumamosi hii amewachukua watoto wote wawili mpaka mchana ili nifue.

Nilifua. Mvua ikanyesha. Kwa hivyo nguo ziko kwa viti, mezani, kwa mlango, na soksi zangu ziko mahali unapopajua. Vitambaa vyako vimegeuka rangi ya waridi kwa sababu ya sweta ya Griffins. Kiatu kimoja cha Marion kimepotea, nimepindua nyumba nzima. Griffins amepata kumi na nne kwa thelathini, ameniambia ni kwa sababu namsaidia.

Kliniki nilimpeleka Marion Alhamisi. Wamemsikiliza kifua, wamesema ni safi. Nimeweka kadi kwenye bahasha hii uisome mwenyewe. Kiwandani nimebadilishiwa zamu, natoka saa kumi, ila msimamizi amenuna.

Jioni hii meza haikuwa na nafasi kwa sababu ya nguo, tukala sakafuni. Chapati zilikuwa ngumu, Griffins akaigonga yake chini ikalia ko, ko. Marion akaigonga yake. Na mimi nikagonga. Tulicheka mpaka jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta. Nilichukua kalamu nikaandika kwa kalenda, mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza.

Sitakuambia tuko vizuri. Nimechoka na sijui nitafikaje Mei. Lakini nitafika. Usirudi, Asenath. Maliza.

Kweyu


Kambini,
Jumapili, 23 Machi 2025

Baba Griffins,

Kwa Mama nimeandika barua yangu mbali, ya kuomba radhi, nimeimaliza nikilia na wenzangu wakadhani ni kitunguu cha jikoni. Wewe nakuomba radhi hapa. Nilikushuku mume anayesimama kwa muuza makaa na njaa kwa ajili ya heshima ya mama yangu. Nikija nitakuomba tena kwa mdomo, na utachukua muda wako kunisamehe, usiharakishe.

Jumatatu barua yako ilipofika nilikaa na kadi ya kliniki mkononi. Nilitaka kuja. Sikutaka tena kuja kwa hasira, nilitaka tu kuja nimguse kifua mtoto wangu. Fomu ilikuwa chini ya mto, na kalamu ninayo.

Kisha nikaisoma barua yako mara ya nne. Haina hata habari moja nzuri. Zile za kwanza zilikuwa nzuri zote na sikuamini hata mstari. Hii nimeiamini yote, mpaka rangi ya waridi, na usiku wa Jumatatu nimelala mpaka kipenga cha asubuhi.

Ijumaa Sajini Muindi aliniita mbele ya ofisi akanyoosha mkono achukue fomu. Akauliza nyumbani kukoje. Nikamwambia mume wangu ametoboa sufuria, mtoto amepoteza kiatu, mwingine ameanguka hesabu, na nguo mbichi zimejaa mpaka mezani. Akanitazama kwa huruma kweli, akasema, akiniita kwa jina la baba kama wanavyotuita huku, "Pole sana, Andati. Basi jaza uende."

Nikamwambia la, afande, hizo ni habari njema. Nabaki.

Mkeo,
Asenath